Kipya Kinyemi Ingawa Kidonda: Tusinunue Lori la Mwaka wa Kwanza



Mkutano wetu ujao una jambo moja la kuamua, nalo ni kubwa kuliko yote tuliyowahi kuyaamua tangu tuanze kuweka akiba pamoja. Je, fedha za kikundi zinunue lile lori la tani kumi ambalo kiwanda kimeliunda upya na kulitoa mwaka huu kwa mara ya kwanza, au zisilinunue? Wakala amekwisha leta picha yake. Rangi inang'aa, chumba cha dereva ni kipana, injini inasemekana inakunywa dizeli kidogo. Vijana wetu wameipitisha picha hiyo mkono kwa mkono mpaka imechakaa. Sisi tunaoandika ukurasa huu tumekaa, tumehesabu, tumewauliza madereva na mafundi, na tunasema wazi: tusilinunue mwaka huu.

Hatusemi hivyo kwa kuyaogopa maendeleo. Haja ya lori tunaijua, maana tunaibeba mabegani kila siku. Mantapala ilifunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya sisi tuliokimbia mapigano upande wa Kongo, na tangu hapo tunalima bega kwa bega na ndugu zetu wenyeji wa Nchelenge. Muhogo upo. Karanga zipo. Kashikishi, ukingoni mwa Ziwa Mweru, akina mama wanaanika chisense magunia kwa magunia. Kinachokosekana ni chombo cha kuvifikisha vitu hivyo Mansa, na kutoka Mansa kuvuka daraja la Chembe kwenda kwenye miji ya migodi. Leo tunakodi lori la mtu. Mwenye lori anapanga bei atakavyo, na sisi tuliolima, tuliovua na tuliopakia tunabaki na makombo.

Kwa hiyo lori tutanunua. Swali ni lori gani, na mwaka gani.

Kwanza tukumbuke fedha yenyewe ni ya nani. Imetoka kwa vibarua wa mashambani, kwa wapakiaji wa sokoni, kwa walinzi wa usiku, kwa akina mama wa chisense. Wengine walitoa kwacha mbili za mwisho wa wiki badala ya kununua sabuni. Tajiri mwenye malori arobaini akinunua moja jipya likamsumbua, anaandika hasara kitabuni na thelathini na tisa yanaendelea kutembea. Sisi tutakuwa na moja. Likisimama hilo, tumesimama wote.

Sasa kwa nini lori la mwaka wa kwanza lina hatari? Wafanyakazi wenzetu wa viwandani hawahitaji kuelezwa sana. Mnajua siku mashine mpya inapofungwa kiwandani mambo yanavyokuwa. Hata kama mashine ni nzuri, wiki za mwanzo majani ya chai yanaungua, mkanda unakatika, fundi anakimbia huku na huku na kitabu mkononi. Si uvivu wa mtu. Ni kwamba mashine na watu bado hawajazoeana. Kiwanda cha malori nacho ni hivyo hivyo. Lori likiundwa upya, wafanyakazi wa huko wanafunga vyuma ambavyo mikono yao haijavizoea, vifaa vinatoka kwa wauzaji wapya, na wakubwa wa kampuni wanataka malori yatoke upesi ili waanze kurudisha fedha walizotumia. Wahandisi wamelijaribu, ndiyo, lakini malori machache ya majaribio hayawezi kupita kila barabara, kila vumbi na kila mvua. Makosa yaliyobaki yanaonekana mikononi mwa wanunuzi wa kwanza. Kiwanda kinasikia malalamiko, kinabadilisha kifaa hiki na kile, na lori la mwaka wa pili au wa tatu linatoka likiwa limepona. Maana yake ni kwamba mnunuzi wa kwanza analipa bei kamili ili awe mjaribu wa kampuni bila mshahara.

Mfano upo, tena kutoka nchi yenye barabara nzuri na gereji kila mji. Huko Marekani mwaka 2010 sheria ya moshi wa magari ilikazwa. Makampuni mengine ya malori yalichagua kusafisha moshi kwa maji ya urea. Kampuni ya Navistar ilichagua njia yake, kuurudisha moshi ndani ya injini bila urea, katika injini zilizoitwa MaxxForce. Malori yakaanza kusimama njiani, wenye malori wakapoteza kazi zao, na mwaka 2012 kampuni yenyewe ikaiacha njia hiyo. Wanunuzi walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 yakafikiwa mapatano ya dola milioni 135 kwa waliokuwa na malori ya miaka ya 2011 hadi 2014. Angalieni miaka hiyo, ndugu. Aliyenunua lori mwaka 2011 alisubiri mpaka 2019. Je, sisi tungesubiri miaka minane? Na tungemshitaki nani, kwa wakili gani?

Mfano mwingine uko karibu zaidi, nao wazee wetu wanaukumbuka. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kazi kubwa ya wafanyakazi wa Tanzania, Zambia na China, na hatutaidharau hata siku moja. Lakini vichwa vya treni vilivyoletwa nayo vilipata shida kwenye mlima mkali kati ya Mlimba na Makambako. Nguvu haikutosha. Ilibidi kuanzia mwaka 1983 viingizwe vichwa vya aina nyingine vilivyoundwa Ujerumani. Waliobuni vile vya kwanza hawakuwa wajinga. Mlima ndio uliowaonyesha walichokuwa hawajakijua. Nasi tunao mlima wetu: vumbi la kiangazi, matope ya masika, mashimo, na mzigo ambao kila mtu anajua unazidi tani zilizoandikwa mlangoni.

Tena kuna umbali. Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Gereji ya wakala iko Lusaka, na kutoka hapa kwa njia ya Serenje ni kama kilomita 1,000. Lori la muundo wa zamani likiharibika, fundi wetu wa chini ya mwembe anasikia sauti yake tu anajua ni nozeli au ni klachi. Kipuri kipo Mansa, na kisipokuwapo, kipo kwenye lori bovu lililolala nyuma ya nyumba ya mtu. Lori jipya halina ndugu yake aliyekufa wa kumtoa kipuri. Injini yake inaongozwa na kompyuta, na kompyuta hiyo haisemi na fundi mpaka ichomekewe chombo ambacho wakala peke yake anacho. Nayo dizeli inayotakiwa ni safi, yenye salfa kidogo, wakati huku ziwani mara nyingi tunanunua dizeli ya madumu ambayo hatujui imetoka tangi gani.

Jambo hili tumeliona kwa macho. Masika moja lori jipya la mfanyabiashara mmoja lilisimama kati ya Mwense na Mansa. Taa nyekundu iliwaka, injini ikakataa kuvuta. Halikuwa limevunjika chuma chochote. Ilikuwa kifaa kidogo cha kupima moshi, cha ukubwa wa kidole gumba. Likakaa wiki tatu. Juu yake kulikuwa na magunia ya chisense ya akina mama watano, turubai likavuja, samaki wakaoza. Mfanyabiashara alilipwa na bima. Akina mama hawakulipwa na mtu, na utingo wake akafukuzwa kazi.

Hapo ndipo linapotugusa kama chama cha wafanyakazi. Lori likisimama, wa kwanza kulaumiwa ni dereva. Ataambiwa amelizidisha, hakuangalia maji, hakusoma kitabu. Kitabu chenyewe kimeandikwa Kiingereza, kurasa mia nne. Anakatwa mshahara kwa kosa lililofanyika kiwandani kabla yeye hajaishika usukani. Sisi tunaopigania haki ya dereva wa tajiri, je, tutamweka dereva wetu wenyewe katika mtego ule ule?

Wenzetu wanaotaka lori hili wana hoja, na haifai kuzipuuza. Wanasema breki zake ni bora na chumba chake ni imara zaidi kikipinduka. Inawezekana ni kweli, na uhai wa dereva ni mkubwa kuliko fedha. Lakini breki nzuri zimo pia katika lori la mwaka wa mwisho la muundo wa zamani, kama likinunuliwa jipya na kutunzwa. Wanasema mtumba kutoka ng'ambo ni balaa, unauziwa injini iliyochoka ikiwa imepakwa rangi. Hilo nalo ni kweli, wala hatupendekezi mtumba. Wanasema lina dhamana. Ndugu, dhamana inalipa kifaa. Hailipi siku zilizopotea, hailipi samaki waliooza, na mara nyingi hailipi gharama ya kulivuta lori mpaka Lusaka. Tena kila mwaka kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi unafungwa ziwani ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mitatu lori litaishi kwa muhogo peke yake, huku deni la benki halifungi mlango. Tukipoteza na mwezi wa nne gerejini, mwaka umekwisha.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Mosi, tununue lori la muundo wa zamani lililotengenezwa mwaka wake wa mwisho. Makosa yake yamekwisha sahihishwa, na wakala anayetaka kumaliza stoo hupunguza bei. Pili, kabla ya kulipa, madereva wawili na fundi mmoja waliochaguliwa na mkutano waende wakalione, walipakie mzigo na kuliendesha. Wasiende wenyekiti tu wakanyweshwe soda. Tatu, tutenge sehemu ya fedha kwa vipuri vinavyokwisha mara kwa mara, navyo viwekwe hapa hapa Mantapala. Nne, iandikwe kwenye katiba ya kikundi kwamba dereva na utingo hawatakatwa mshahara kwa ubovu usio wa mikono yao. Tano, lile lori jipya tulitazame kwa miaka miwili. Wenye malori arobaini watalinunua. Tuwaulize madereva wao, ambao ni wenzetu, watatuambia ukweli ambao wakala hawezi kutuambia. Likiwa zuri, la pili tutakalonunua litakuwa hilo.

Kama mkutano utaamua vingine, sisi tutatii, kwa kuwa wengi wape. Lakini hata hapo tusitie sahihi mpaka wakala aandike kwa wino mambo matatu: injini na gea zimekwisha tumika katika malori mengine kwa miaka mingapi, vipuri vitafika Mansa kwa siku ngapi, na nani atalipa kulivuta likisimama. Akikataa kuandika, amekwisha tujibu.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Picha ile inapendeza, nasi pia tumeiangalia mara mbili. Lakini tusiinunue kwa macho. Tuje mkutanoni sote, akina mama wa chisense wakae mbele, na kila mtu aliyetoa kwacha yake aseme neno lake.

Umoja ni nguvu.