Kosa la Kiigaji: Lifutwe au Lihifadhiwe?

Mashine ya michezo ikitoweka madukani, michezo iliyotungiwa hutoweka pamoja nayo, isipokuwa pawepo programu ya kuiwezesha kompyuta ya kawaida kutenda kazi kama mashine ile. Programu za namna hiyo zaweza kuitwa viigaji. Kwa muda mrefu kiigaji kilipimwa kwa swali moja tu: je, mchezo unachezeka? Kipimo hicho hakitoshi, na upungufu wake umedhihirika zaidi katika sauti.

Mfano ni Super Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1990 kwa jina la Super Famicom. Sehemu yake ya sauti, iliyobuniwa na Ken Kutaragi wa kampuni ya Sony, ni kama kompyuta ndogo ndani ya kompyuta: ina prosesa yake, njia nane za sauti, na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Humo hukaa vitu vyote, yaani maagizo ya kupiga muziki, sampuli za ala, hata mwangwi. Ili kufanya mwangwi, chipu huiandika sauti kumbukumbuni na kuisoma tena baada ya kitambo. Kila milisekunde 16 za mwangwi huchukua kilobaiti 2. Mwangwi mrefu kuliko yote, wa milisekunde 240, huchukua kilobaiti 30, karibu nusu ya nafasi yote. Mtunzi asiyeifanya hesabu hiyo, mwangwi wake huandikwa juu ya maagizo yake mwenyewe, na muziki hukwama.

Mwaka 1997 kilitolewa kiigaji kiitwacho ZSNES. Kompyuta za siku hizo zilikuwa dhaifu, hivyo waandishi wake walipita njia za mkato, nao hawastahili kulaumiwa kwa hilo. Mojawapo ilikuwa kuuweka mwangwi mahali pa peke yake, nje ya kilobaiti 64. Wapenzi wa mchezo wa Super Mario World, waliokuwa wakiugeuza na kuutilia muziki mpya, walizijaribu kazi zao humo, zikalia vizuri. Katika mashine halisi nyingi zisingelia.

Kisha kikaja bsnes, kilichoanza mwaka 2004, ambacho mwandishi wake alikusudia kuiga mashine hadi vijambo vyake vidogo kabisa. Mwangwi ukarudishwa mahali pake, na kazi zile zikavunjika. Mtumiaji wa kawaida aliona jambo moja tu: programu ya zamani inacheza, mpya haichezi. Lawama ikamwangukia msema kweli.

Wako wanaoshikilia kwamba kazi isiyokubaliwa na mashine halisi ni mbovu, basi mtunzi aisahihishe. Hoja hiyo ingefaa kama watunzi wote wangalipo na wangali na hamu. Wengine hudai kwamba usahihi ni anasa ya wachache, kwa kuwa hata mashine halisi mbili hazilingani kabisa: saa ya sehemu ya sauti hutegemea kipande cha kauri, ambacho mwendo wake hubadilika kwa joto. Hiyo ni kweli, lakini kutofautiana kidogo kwa saa si sawa na kuzua kumbukumbu isiyokuwapo.

bsnes kilichagua njia iliyo bora. Kiliongezewa swichi ya kuutenga mwangwi kama ZSNES ilivyofanya, nayo huwa imezimwa mpaka mtumiaji aiwashe. Kazi za zamani zina haki ya kusikika katika mazingira pekee zilizopata kuyajua. Lakini swichi hiyo ikiwa imewashwa tangu mwanzo, watunzi wapya wataendelea kutungia mashine ambayo haijapata kuwako.

Lililobaki ni la wanaokusanya kazi hizo. Yafaa kando ya kila moja waandike jina la kiigaji na toleo ambamo ilijaribiwa, wakati watunzi wangali wanaweza kuulizwa.