Kabla ya kulipa minervali, pandeni bisi pamoja

Wazazi wapenzi, na ninyi vijana mnaongoja matokeo ya Egzamu ya Serikali,

Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi juu ya safari moja ambayo wengi wetu hatuifanyi. Tunangoja mtoto apate diplome, tunakopa feza, kiisha tunamtuma Lubumbashi na valizi yake na barua kwa baba mdogo. Masomo gani? "Atajua kulekule." Mwaka unapita, feza imekwisha, na mtoto anarudi nyumbani bila kitu.

Mimi pia nilikuwa karibu kufanya vile. Binti yangu alimaliza sekondari Kolwezi mwaka 2023, opsio ya Biolojia-Kemia. Mimi nilikuwa nimekwisha kumchagulia: Politekniki, awe enjenyeri wa migodi. Ninyi mliokaa katika nyumba za Gécamines mtanielewa. Wakati ule enjenyeri alikaa katika nyumba kubwa yenye bustani, na watoto wetu walisoma katika masomo ya kampani. Kisha ikaja miaka ya 2003 na 2004, ile ya "depar volontere", tukatoka wafanyakazi zaidi ya 10 000. Tangu pale nilisema moyoni: mtoto wangu mmoja atarudi mgodini kwa mlango wa mbele. Yeye mwenyewe sikumwuliza.

Mama yake ndiye aliyesema: "Mwende wote wawili, muone kwa macho." Tukapanda bisi alfajiri. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300, na malori ya shaba yanajaza njia. Tulivuka Lualaba bila kusema neno. Pale Fungurume bisi iliposimama, nikanunua ndizi, nikamwuliza: "Mama, unaona je juu ya poli?" (Ninamwita Mama kwa sababu ana jina la mama yangu.) Akaangalia kwa dirisha. "Papa, miye nataka kazi ya labo. Kuangalia damu mu mikroskopi. Poli njo weye unapenda."

Nilikasirika, sitaficha. Mpaka Likasi, na kupita Likasi, nilinyamaza.

Kesho yake tukaanza na Kasapa, kule kwenye kampisi ya UNILU, kwa sababu mwenye feza alikuwa mimi. Katika biro moja walimwuliza mtoto jina lake na opsio yake. Nikajibu mimi. Wakamwuliza anataka fakilte gani. Nikajibu mimi tena. Yule mama sekreteri akaweka kalamu chini: "Papa, ni nani atasoma, ni weye ao ni yeye?" Watu wa mulongo wakacheka. Nikatoka inje.

Na inje palepale kijana mmoja akanifuata. "Papa, leta dola 50, miye nitamwingiza bila kupanga mulongo." Nilikuwa nimekwisha kutia mkono mfukoni. Binti yangu akaja nyuma yangu, akamwuliza polepole: "Yaya, na risiti utatupatia?" Yule kijana akageuka, akaenda zake. Wazazi, siku ile ndipo nilipomwona binti yangu.

Mchana tukaenda ISTM, masomo ya juu ya kazi za hospitali. Huko nilikaa kwa benchi, akauliza yeye. Aliuliza wanafunzi wangapi wanatumia mikroskopi moja, mazoezi ya hospitali yanafanyika wapi, na mbele ya minervali kuna feza gani nyingine kwa mwaka mzima. Ninyi vijana, hili swali la mwisho msiliache. Minervali ni kichwa tu cha nyoka. Nyuma yake kuna feza ya kuingia egzamu, silabusi, blusi, transpoti.

Kitu kingine nilichojifunza kwa benchi ile: mimi nilikuwa ninahesabu kama zamani, gradua miaka 3, lisansi miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu imeingia katika mpango wa LMD: lisansi ni miaka 3, kisha masta miaka 2. Nikahesabu tena, na wadogo zake wawili wanaokuja nyuma.

Kuna na hizi iniversite za watu binafsi zinazoota kama uyoga. Nyingine ni nzuri, sikatai. Lakini ulizeni arete ya wizara kabla ya kutoa feza, kwa maana wizara ilikwisha kufunga nyingi, na wanafunzi walibaki na karatasi zisizofaa kitu. Tena, Likasi na Kolwezi kuna iniversite za Serikali, zilizozaliwa na ile ya Lubumbashi. Anayelala kwa mama yake halipi nyumba.

Sisi chumba tulikitafuta. Mwenye nyumba mmoja akataka dola 40 kwa mwezi na garanti ya miezi 6. Basi, wakati wa kurudi, ndani ya bisi, nikafanya jambo ambalo baba yangu hakunifanyia hata siku moja. Nikatoa karatasi, nikamwandikia ninachopata kwa mwezi, bukari ya nyumbani, deni langu, na kinachobaki. Alisoma, akasoma tena. Akasema: "Nitakaa kwa shangazi, Katuba."

Nikamwambia ukweli: kwa shangazi kuna watoto sita, na maji yanachotwa saa kumi ya usiku. Akasema anajua, alikwisha kumwandikia shangazi kwa telefone tangu juma lililopita. Kumbe mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kujua.

Tulipofika, mama yake alikuwa anatungoja barabarani. Akaniuliza mimi: "Mumechagua nini?" Nikashika valizi, nikamwonyesha mtoto.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya mtoto anayekaa kwa ndugu: nani anamununulia sabuni, na nani ana haki ya kumgombeza. Mwenye kuwa na neno, atuandikie.