Mbegu ya deizi haitaki kufukiwa
Mvua za vuli zimeshika Nyeri, na nawasihi wenye bustani: msikimbilie maua yaliyokwisha kuchanua yanayouzwa kando ya barabara, atikeni deizi kwa mbegu. Ni mbegu ndogo, nyembamba kuliko simsim, na wengi huiua kwa kuifukia kama maharagwe. Mwaka juzi nami niliifukia, nikangoja mwezi mzima, kitalu kikabaki kitupu, iliniuma. Deizi hutaka mwanga ndipo iote. Chekecha udongo mwekundu na samadi iliyooza, nyunyiza mbegu juu, ibonyeze kwa kiganja, kisha mwagilia kwa mkebe uliotobolewa kwa msumari ili maji yasiisombe. Baada ya wiki mbili tatu hivi utaona vijani viwili viwili, kila kimoja kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Konokono nao huja usiku. Zungushia jivu la jikoni, na mvua ikilisomba, zungushia tena. Deizi niipendayo zaidi ni Shasta, ambayo Luther Burbank aliitoa California mwaka 1901 na kuipa jina la mlima wenye theluji. Na ua hili si geni kabisa kwetu: pareto, iliyoipa Kenya jina duniani kwa dawa ya wadudu, ni ya ukoo huohuo, petali nyeupe na moyo wa manjano. Miche yangu ya sasa imo kwenye mikebe dirishani, ikitazama mlima Kirinyaga, na Jumamosi naihamishia uani.