Kidonda cha Sehemu za Siri Chenye Asili ya Tumboni

Mwanamke anayefika kliniki akiwa na kidonda au uvimbe kwenye mashavu ya uke huulizwa kwanza habari za mwenzi wake. Swali hilo ni la haki, kwani magonjwa ya zinaa huonekana mara nyingi, na utaratibu wa kutibu kwa kufuata dalili umewasaidia wengi mahali pasipo na maabara. Kasoro huanza pale dozi ya kwanza inaposhindwa, ikafuatwa na ya pili, kisha ya tatu. Mume naye akaitwa kunywa dawa, shaka ikaingia nyumbani, na bado hakuna aliyemuuliza mama huyo kama anaharisha.

Ugonjwa wa Crohn, mmojawapo wa magonjwa ya uvimbe sugu wa utumbo, ulielezwa mwaka 1932 na Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa New York kama maradhi ya mwisho wa utumbo mwembamba. Leo inajulikana kwamba unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Mwaka 1965 Parks, Morson na Pegum, nchini Uingereza, walieleza jambo gumu zaidi kusadikika: ngozi isiyogusana kabisa na utumbo inaweza kupata uvimbe wa aina ileile. Hali hiyo hupewa jina la Crohn ya kimetastasi. Ni jina baya, maana humtia mgonjwa hofu ya saratani ambayo hana.

Sura yake hutambulika na anayeifahamu. Shavu moja la uke huvimba na kukakamaa kuliko jingine. Kwenye mikunjo ya kinena hutokea mipasuko mirefu iliyonyooka, kana kwamba imechanjwa kwa wembe. Pembeni mwa njia ya haja kubwa huota vinyama laini, au hufunguka vitundu vinavyotoa usaha. Kwa mwanamume huvimba uume au mfuko wa korodani, na katika Pwani yetu, iliyozoea mabusha na matende, uvimbe huo hupewa jina kabla haujapimwa. Kwa mtoto, dhana ya kuingiliwa kingono huja upesi. Dhana hiyo isipuuzwe kamwe, lakini uchunguzi wa utumbo nao usisahauliwe.

Mtego mkubwa ni kwamba ngozi huweza kutangulia tumbo kwa miezi, hata miaka. Kwa hiyo jibu la «tumbo halinisumbui» halifungi mjadala. Yapo maswali mengine: vidonda vya mdomoni visivyokoma, kupungua uzito, upungufu wa damu, mtoto asiyekua kama wenzake.

Kipande cha ngozi kikipelekwa maabara, darubini huonyesha granuloma, yaani vikundi vya seli za kinga. Hapo ndipo daktari wa Afrika Mashariki anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mwenzake wa Ulaya, kwa sababu kifua kikuu nacho hufanya granuloma. Kumpa prednisoloni mtu mwenye kifua kikuu kisichotambuliwa ni kumwongezea hatari, na infliksimabu au adalimumabu zinaweza kuamsha vimelea vilivyolala. Vipimo vya kifua kikuu vitangulie. Aidha, mtu asikimbilie kisu. Si kila uvimbe wa hapo huisha kwa kupasuliwa, na jeraha katika ngozi yenye ugonjwa huu laweza kukawia sana kupona.

Lawama si ya kliniki za magonjwa ya zinaa peke yake. Daktari wa tumbo humwona mgonjwa wa Crohn kwa miaka, akahesabu safari zake za chooni, asimuulize hata mara moja kama kujamiiana au kukaa kitini kunamuumiza. Mgonjwa naye husitiri, akidhani jambo hilo halihusiani na utumbo. Heshima ya namna hiyo haimsaidii yeyote. Swali liulizwe faraghani, kwa ruhusa yake, na uchunguzi ufanyike mbele ya muuguzi ambaye mgonjwa ameridhia. Akishindwa kutamka, inatosha aseme, «Daktari, na huku chini kuna kidonda,» na hilo liandikwe kwenye faili lilelile la tumbo.