Nabothi Hakuwa Mkaidi

Mimbarini kisa cha Nabothi hufupishwa hivi: mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la jirani, mke wake mwovu, Yezebeli, akapanga mauaji, mbwa wakalamba damu, kwa hiyo tusitamani vya watu. Kimo katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, na kwa kuwa ni kifupi, wengi tunadhani tunakijua. Lakini sikiliza mahubiri, sikiliza mazungumzo baada ya ibada, utakuta kimezungukwa na madai yanayorudiwa mpaka yamekuwa kama sehemu ya kisa chenyewe. Kila dai linampunguzia mtu fulani hatia yake. Nayapinga, kwa kuwa watu wanaofundishwa kisa hiki vibaya hushindwa kumtambua Ahabu anapokuja kugonga mlangoni kwao.

Dai linalotangulia yote ni kwamba Ahabu alikuja kwa heri. Hakuja na askari. Alitaka kununua, tena kwa bei nzuri: shamba bora kuliko lile, au fedha taslimu. Kwa hiyo, wanasema, Nabothi ndiye aliyeleta balaa kwa ukaidi wake, angekubali, angeishi.

Dai hili linaichukulia ardhi ya Israeli kama bidhaa ya sokoni, na Torati haikuichukulia hivyo. Mambo ya Walawi 25 inasema ardhi ni ya Mungu, na wanaoikalia ni wageni juu yake. Aliyebanwa na umaskini aliweza kuuza mavuno ya miaka iliyobaki hadi yubile, mwaka wa 50, kisha shamba lirudi kwa ukoo. Na kabla ya hapo ndugu yake wa karibu alikuwa na haki ya kulikomboa. Mwisho wa kitabu cha Hesabu, binti za Selofehadi wanaagizwa waolewe ndani ya kabila lao ili urithi wa baba yao usihamie kabila jingine. Tena ardhi hiyo ndiyo iliyokuwa na makaburi: Yoshua alizikwa ndani ya mipaka ya urithi wake, huko Timnath-sera. Sasa mfikirie mjukuu wa Nabothi mwaka wa yubile, akienda kwenye kasri ya mfalme kudai shamba la babu yake. Nani angemfungulia mlango? Nabothi alipomtaja Mungu katika kukataa kwake na kusema huo ni urithi wa baba zake, alikuwa akitii sheria. Aliyeivunja ni mwombaji, ambaye Kumbukumbu la Torati 17 ilimtaka awe na nakala yake mwenyewe ya Torati na aisome siku zote za maisha yake.

Ahabu alikulia katika nyumba yenye mawazo mengine kuhusu ardhi. Baba yake, Omri, alinunua kilima kwa mtu aitwaye Shemeri kwa talanta mbili za fedha, akajenga juu yake mji wa Samaria. Mtoto aliyelelewa juu ya kilima kilichonunuliwa anaweza kukua akiamini kwamba kila udongo una bei yake.

Na alilitaka shamba hilo kwa kazi gani? Bustani ya mboga, kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake. Mzabibu ni kazi ya miaka. Sheria yenyewe ilikataza kula matunda ya mti mpya kwa miaka mitatu, mazao ya mwaka wa nne yakawa ya Mungu, mwenye mti akala kuanzia mwaka wa tano. Mboga ni suala la msimu mmoja. Katika uchimbaji wa miaka ya karibuni, wanaakiolojia wamekuta chini ya kilima cha Yezreeli, mji wa Nabothi, mahali pa kukamulia zabibu palipochongwa kwenye mwamba. Hakuna awezaye kusema palikuwa pa Nabothi, lakini panaonyesha kwamba mizabibu ya Yezreeli haikuwa hadithi. Mfalme alitaka kung'oa kazi ya vizazi ili apande kitu ambacho angeweza kukipanda popote.

Uzuri wa bei hauthibitishi haki. Haki hujulikana pale muuzaji anaposema hapana. Ahabu aliambiwa hapana, akaenda kulala, akageuza uso wake, akasusa chakula. Huyu ndiye mfalme ambaye maandishi ya Shalmaneser wa Tatu wa Ashuru, yaliyochongwa kwenye jiwe lililoko British Museum mjini London, yanamtaja katika vita vya Qarqar vya mwaka 853 kabla ya Kristo akiwa na magari ya vita 2,000 na askari wa miguu 10,000. Biblia inaongeza kwamba alijenga nyumba ya pembe za ndovu. Mwenye vyote hivyo amelala na njaa kwa ajili ya sehemu ya kupandia mboga. Uchoyo haupimi ulichonacho. Unatazama kile tu ambacho umenyimwa.

Tena angalia anavyomsimulia mkewe. Maneno ya Nabothi kuhusu Mungu na urithi wa baba zake hayamo. Katika masimulizi ya mfalme, Nabothi amekataa tu. Kwa hiyo sifa ya ukaidi tunayoirudia leo ilitungwa na Ahabu kitandani mwake, na sisi tumeipokea bila kuihoji.

Dai la pili limeota mizizi zaidi: kwamba mwenye kosa ni Yezebeli. Huku Afrika Mashariki dai hilo limezaa hata aina yake ya mahubiri, ambapo mwanamke yeyote mwenye sauti nyumbani au kanisani anaweza kuambiwa ana roho ya Yezebeli. Sijawahi kusikia mwanamume akikemewa kwa roho ya Ahabu, ingawa Ahabu ndiye aliyetamani.

Yezebeli ana hatia, tena kubwa. Yeye ndiye aliyeandika barua, na sura yenyewe inasema alimchochea mumewe. Lakini barua zilikwenda kwa jina la Ahabu, na zilipigwa muhuri wa Ahabu. Muhuri wa mfalme haukuwa kitu cha kuokotwa mezani. Mke alipomwambia aamke ale, shamba atampatia yeye, mume hakuuliza kwa njia gani. Alipoambiwa Nabothi amekufa, hakuuliza amekufaje, mtu ambaye siku chache tu nyuma alisimama mbele yake akiwa hai. Aliinuka, akateremka kwenda kulimiliki. Kutouliza huko ndiko kulikompa shamba, na ndiyo sababu nabii Eliya hakutumwa kwa Yezebeli. Alitumwa kwa Ahabu, akamkuta shambani, na mashtaka aliyomsomea yalikuwa mawili kwa pamoja: kuua na kumiliki. Mbele ya Mungu, anayefaidi damu bila kuuliza ni muuaji. Hukumu ya Yezebeli ilitajwa pia, lakini baada ya ile ya mumewe.

Kuna jambo ambalo sura ya 21 haikulisema. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 9, Yehu, aliyekuja kuiangamiza nyumba ya Ahabu, anamkumbusha Bidkari, akida wake, neno walilolisikia walipokuwa wamepanda nyuma ya Ahabu, na neno hilo linataja damu ya Nabothi pamoja na damu ya wanawe. Warithi waliuawa. Kumuua baba peke yake kusingetosha, kwa kuwa shamba lingewaendea watoto.

Wengine hukimbilia mwisho wa sura: Ahabu alirarua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga, na Mungu akasema mabaya hayatakuja katika siku zake. Basi amesamehewa, yamekwisha. Soma tena. Adhabu iliahirishwa, haikufutwa. Na hakuna mstari unaosema Ahabu alilirudisha shamba, au hata kumtafuta ndugu mmoja wa ukoo wa Nabothi. Hesabu 5 inamtaka mkosaji akiri, alipe alichochukua, na aongeze sehemu ya tano. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, alielewa: alitangaza nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Ahabu alilia huku hati ikiwa mkononi. Huzuni yake ilikuwa ya kweli, nami siibezi, kwa kuwa Mungu mwenyewe hakuibeza. Ila tusiwafundishe wanaopora kwamba gunia na mfungo vinatosha.

Limebaki dai ninaloliona kuwa la hatari kuliko yote, ingawa husemwa kwa sauti ya huruma: wazee wa mji hawakuwa na la kufanya. Waliamriwa. Nani angempinga malkia?

Walichofanya ni hiki. Walitangaza mfungo. Walimketisha Nabothi mahali pa heshima mbele ya watu. Walileta mashahidi wawili, idadi ileile ambayo Kumbukumbu la Torati inaidai katika kesi ya kifo. Walimtoa nje ya mji, wakampiga kwa mawe. Kila hatua ilikuwa na sura ya sheria. Kisha walipeleka taarifa kwamba kazi imekwisha, na hawakuipeleka kwa Ahabu, mwenye jina na muhuri. Waliipeleka kwa Yezebeli. Walijua barua imetoka kwa nani, na walijua ni uongo, maana barua yenyewe iliwaagiza watafute watu waovu wa kushuhudia. Hawa walikuwa majirani wa Nabothi. Huenda walikula zabibu zake.

Hayo hayakuishia Yezreeli. Mwaka 2004 tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u nchini Kenya ilitoa ripoti kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria, na nyuma ya wanyakuzi ilionyesha kazi ya maofisa wa ardhi, mawakili na wapima ardhi. Karatasi zilikuwepo. Sahihi zilikuwepo. Mwenye tamaa hawezi kunyang'anya peke yake. Anahitaji watu wa kawaida wasiomchukia mtu, walio tayari kuandika wanachoambiwa.

Hofu ya wazee wa Yezreeli naielewa. Lakini sura tatu nyuma yupo Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu huyohuyo, aliyewaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, akawalisha mkate na maji wakati Yezebeli akiwaua wenzao. Alikuwa karibu na upanga kuliko mzee yeyote wa Yezreeli. Nao wazee hawakuhitaji ushujaa wa kiasi hicho. Kumbukumbu la Torati 19 inawaagiza waamuzi wachunguze sana ushahidi. Mzee mmoja angeuliza tu: alisema nini, lini, wapi, nani mwingine alisikia?

Miaka ilipita, Ahabu akafa, na Yehu akashika upanga dhidi ya nyumba yake. Katika sura ya 10 ya Kitabu cha Pili cha Wafalme, Yehu naye aliandika barua, akazipeleka Samaria kwa wakuu wa Yezreeli, kwa wazee, na kwa walezi wa wana wa Ahabu. Waliogopa, wakasema watafanya lolote atakaloagiza. Barua ya pili ilipofika, wana 70 wa Ahabu walichinjwa, vichwa vyao vikatiwa vikapuni na kupelekwa Yezreeli, katika nchi ambayo Ahabu mwenyewe ndiye aliyeizoesha kuitii barua ya mfalme bila swali.