Hita inapuliza baridi, Kate tunaganda!

Hivi nani aliwadanganya watu wa Dar kwamba Bongo nzima ni joto? Wapenzi wasomaji, njooni huku Kate, wilaya ya Nkasi, mwezi wa sita au wa saba, saa kumi na moja alfajiri, halafu mniambie. Kipupwe cha Ufipa si mchezo. Sumbawanga mjini tu pako karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ule upepo wa alfajiri unapita kwenye sweta kama vile hukuvaa kitu. Mtu anatoka na koti zito la mtumba, juu kajitanda blanketi, na meno bado yanagongana.

Sasa leo naongelea hita ya gari. Najua wa Pwani atacheka, maana kwake kile kitufe chenye rangi nyekundu ni pambo la deshibodi. Kwetu ni roho za watu.

Juzijuzi nilipanda Probox ya abiria ya alfajiri kwenda Sumbawanga. Tulijazana kama kawaida ya mchomoko, idadi sitaji, trafiki nao wanasoma magazeti. Nyuma yangu alikaa mama mwenye mtoto mchanga anayehema kwa shida, wanawahi hospitali. Dereva akafungua hita hadi mwisho. Aka! Ukaja upepo wa baridi kama wa mlimani. Akazima. Dakika mbili hazikupita, pumzi zetu wote zikahamia kwenye kioo cha mbele, kikawa cheupe kama maziwa. Jamaa akawa anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine unafuta kwa kitambaa. Ghafla tukamwona mwenye baiskeli kapakia magunia, tukamkosa kwa upana wa kiganja.

"Mwanangu, simama kwanza ufute kioo," yule mama akasema taratibu tu. "Huyu nataka afike."

Tukasimama. Abiria mmoja akatangaza kwamba gari lina mkono wa mtu. Si mnajua tena sifa za mji wetu, ambao hata jina lake watu hulitafsiri "tupa uchawi". Tukashusha vioo kidogo, tukaganda wote kwa umoja, tukafika. Mama akakimbilia hospitali. Mimi fundi siyo, ila umbea wa gereji naupenda kuliko wa saluni, kwa hiyo nikamfuata dereva hadi kwa fundi wake.

Kumbe wasomaji wangu, hita ya gari la kawaida la petroli au dizeli haina moto wake yenyewe. Inakopa. Maji yanayozunguka kupoza injini yanatoka yamechemka, sehemu yake yanapitishwa kwenye rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya deshibodi, feni inapuliza hewa katikati yake, wewe unapata joto. Injini ikiwa haina joto la kukopesha, utapulizwa baridi hadi kesho.

Fundi hakufungua kitu mwanzoni. Aliliacha gari linanguruma, akafungua boneti, akashika ile mipira miwili inayoingia ukutani kuelekea ndani ya gari. Aliigusa haraka haraka na kwa tahadhari, akiwa mbali na feni na mikanda. Akamwambia dereva, "Kaka, yote miwili vuguvugu. Waliokufanyia gari wamekutoa thamostati."

Na kweli. Kwenye deshibodi ile taa ndogo ya bluu, ambayo gari nyingi ndogo za Toyota zinayo badala ya mshale wa joto, ilikuwa inawaka muda wote, hata baada ya safari nzima kutoka Kate. Taa ile inasema injini bado ya baridi. Dereva alidhani ni urembo!

Thamostati ni kidude kidogo kama mfuniko wa chupa wenye springi. Injini ikiwa ya baridi kinafunga njia ya maji kwenda rejeta kubwa, ili injini ipate moto upesi. Joto likifika kwenye nyuzi 80 na kitu, nta iliyo ndani yake inayeyuka na kutanuka, kinafungua mlango. Maji yakipoa kinarudi. Basi mafundi wetu wengi, na hili nimelisikia gereji zaidi ya moja, gari likichemsha kidogo wanakichomoa na kukitupa. "Hizo ni za Ulaya kwenye barafu," wanakwambia, "huku nchi ya joto hazina kazi." Gari hilo lilifanyiwa hivyo Dar kabla halijauzwa huku. Likaja Ufipa, maji yakawa yanapita rejeta kubwa bila kizuizi, upepo wa baridi unayapoza asubuhi nzima. Hita itakopa nini hapo?

Kibaya zaidi, injini inayodhani iko baridi inamwagiwa mafuta mengi kuliko inavyohitaji. Dereva alikuwa analalamika kwamba gari linakunywa kama limeolewa na kituo cha mafuta. Majibu yalikuwa hapo hapo. Na thamostati yenyewe bei yake haifiki tairi moja.

Lakini msikimbilie wote kununua. Fundi alinieleza kwamba ile mipira ina habari zake. Mmoja wa moto kabisa na mwenzake baridi, maji hayapiti: rejeta ndogo imeziba, au hewa imekwama. Hapa nitawasema wenzangu. Tunachota maji ya mtoni na kopo la rangi, tunamimina kwenye rejeta, mwaka baada ya mwaka, kutu na tope vinajenga mle ndani halafu tunasingizia wachawi. Tiba ni kuisafisha kwa maji ya bomba ya nguvu ndogo, kwa kugeuza mwelekeo, kisha kujaza kulanti na siyo maji matupu.

Mipira yote ya moto lakini hewa baridi? Basi joto limefika, ila mlango wa hewa nyuma ya deshibodi haufunguki, mara nyingi kwa sababu ya waya uliochomoka. Na wapo wanaokuta mipira yote miwili imeunganishwa, hita imerukwa kabisa, kisa rejeta ndogo ilivuja zamani. Ukiona zulia la mbele limelowa na harufu tamutamu ndani, ujue ndiyo hiyo inavuja.

La kwanza kabisa lakini ni kuangalia kama maji yamejaa, injini ikiwa IMEPOA. Mfuniko wa rejeta ya moto usiuguse, nimeona mkono wa mtu ulioungua na sitaki kuuona tena. Huku juu maji yasiyo na mgandamizo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100, ndiyo maana maharage ya Ufipa yanakula kuni. Kwa hiyo mfuniko uliolegea nao ni ugonjwa: maji yanachemka mapema, yanamwagika, hewa inaingia, hita inakufa.

Wakati mnasubiri kurekebisha, fungueni kioo kidogo, na feni ivute hewa ya nje badala ya kuzungusha pumzi zenu. AC kama inafanya kazi iwasheni pia, inakausha ukungu. Na wale wanaoingiza jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa wakati wa kungoja abiria, jamani, ile hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Dereva wetu aliuliza swali moja la maana. Yeye siku nyingine anashusha abiria Kipili, ziwani, zaidi ya mita 1,000 chini ya huku, kuna joto la kutokwa jasho ukiwa umekaa. Je, akifika kule akitoe tena? Fundi akacheka. Kule kinafunguka chenyewe mwanzo mwisho, akirudi mlimani kinajifunga. Kakifunga, akajaza kulanti, akalipandisha gari pua juu kwenye mteremko huku hita iko mwisho, hadi mapovu ya hewa yakaisha. Taa ya bluu ikazimika.