Maradhi ya Mishipa Si ya Wazungu Peke Yao



Katika mtaa wetu yuko fundi cherehani, mtu wa miaka 52. Alfajiri moja mwaka jana aliamka mkono wa kulia umelegea, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Wazee wakasema amepigwa na upepo mbaya. Wengine wakamtaja jirani aliyegombana naye mpaka wa shamba. Siku tatu zikapotea kwa mganga kabla hajafikishwa hospitali. Daktari alipompima presha, akauliza: "Huyu hakuwahi kupimwa?" Hakuwahi. Zahanati iliyo karibu naye ilikuwa na mashine ya kupimia, lakini imeharibika siku nyingi. Leo fundi yu hai, ila cherehani yake imefunikwa gunia, na mkewe anauza vitumbua ili nyumba ipate kula.

Hakuna aliyemroga. Maradhi yale alikuwa nayo mwilini kwa miaka mingi.

Mshipa wa damu una ukuta kama bomba la maji. Mafuta huingia katika ukuta ule kidogo kidogo, tangu ujanani. Ukuta hunenepa, hukakamaa, na njia ya damu hupungua. Siku moja pahali palipovimba hupasuka, damu huganda pale, na njia hufungwa. Ikifungwa moyoni, mtu hupata shambulio la moyo; ikifungwa kichwani, hupata kiharusi. Madaktari huita hali hiyo atherosklerosisi. Inaharakishwa na presha ya damu, sigara, kisukari, mafuta mabaya ya chakula, na mwili usiofanya kazi. Presha hiyo hiyo yaweza pia kuupasua mshipa wa ubongo. Na ubaya wake mkubwa ni huu: kwa miaka mingi haiumi hata kidogo.

Wapo watakaosema hayo ni maradhi ya Wazungu na wakubwa wenye magari. Maneno hayo si mapya. Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, alichapisha habari za watu 1,000 aliowapima South Kavirondo, Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Aliona kwamba presha yao haipandi kadiri ya umri kama ilivyokuwa kwa Wazungu. Wengi wakadhani basi Mwafrika ana damu ya namna nyingine.

Damu yetu ni ile ile ya binadamu wote. Katika miaka ya 1980 wataalamu waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini, upande ule ule wa ziwa, kwenda Nairobi kutafuta kazi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha ya waliohamia ilikuwa juu zaidi, na tofauti ilionekana mapema tu baada ya kufika mjini. Miili yao ilikuwa na chumvi nyingi zaidi. Kabila halikubadilika, wala damu ya ukoo haikubadilika. Kilichobadilika ni chakula na maisha.

Na hapa kwetu Tanzania? Kati ya 2003 na 2006 wagonjwa wa kiharusi walihesabiwa Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri wa watu, Hai walipatikana wagonjwa wapya kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam walikuwa kama 316. Ndugu zangu, hiyo ni karibu mara tatu. Basi tusidanganyane tena kwamba haya ni mambo ya Ulaya.

Lakini katika habari hii mbaya mna neno la kututia moyo. Kama maradhi haya hayakuwa asili yetu, bali yamekuja na namna ya kuishi, basi twaweza kuyapunguza kwa kazi yetu wenyewe.

Kwanza, ni sisi wenyewe. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na vyakula vya dukani. Mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi mara nyingi si chakula. Mboga, maharage, samaki na matunda yetu si umaskini. Na sigara tuiache. Najua wako ndugu zetu wa Tabora wanaoishi kwa tumbaku, na jasho lao naliheshimu. Haifai kuwatukana, inafaa kuwasaidia wapate zao jingine lenye bei. Lakini moshi hauchagui mkulima wala mnunuzi.

Pili, ni matawi yetu. Hatukosi kukusanyana kwa mikutano. Siku ya mkutano aitwe mganga wa zahanati aje na mashine, na mwenyekiti awe wa kwanza kunyoosha mkono apimwe. Watu watamfuata.

Tatu, ni serikali yetu. Tunaishukuru kwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2015, ambako vifua vya wananchi vinapasuliwa na wataalamu wetu wenyewe. Lakini mkulima wa Kigoma hawezi kuifikia kwa urahisi, wala hatuwezi kujenga nyingine kila wilaya. Tunachoweza ni mashine nzima ya presha katika kila zahanati, na vidonge visivyokatika. Vidonge vingi vya presha ni dawa za zamani, bei yake ndogo. Kumlaza mtu mmoja aliyepooza ni ghali kuliko kumpa vidonge miaka mingi. Waheshimiwa wabunge, hesabu hii mnaiweza. Tunapowachagua, tutawauliza.

Tangu Uhuru wa 1961 tuliambiwa maadui wetu ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Angalieni jinsi wote watatu walivyomshika fundi wetu: ujinga ulimpeleka kwa mganga, maradhi yalimlaza, na umaskini sasa umekaa mlangoni pake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu msomaji uliyefikisha miaka 40, wiki hii nenda ukapimwe. Na ukikuta mashine ya zahanati yako imeharibika, usirudi nyumbani kimya.